Siku Wasomaji Waliponichagulia Mchumba

Naomba niseme mapema kabla hamjaniuliza: yule mwanamke mnayesikia habari zake, aliyesimama ukumbini Garsen mbele ya watu wote akatafutiwa mume kwa kura, na mume aliyeshinda akawa na mkewe amekaa safu ya tatu, ni mimi. Hakuna mwingine. Nimejaribu kuwaambia watu ni binamu yangu, lakini binamu zangu nao wana midomo, na hakuna aliyekubali kunibebea aibu hii.

Haya. Naitwa Hagodana, nina duka dogo la kuchapa na fotokopi hapo Garsen, kando ya barabara ya kwenda Hola. Watu wanakuja kutoa nakala za vitambulisho, barua za kuomba kazi, matangazo ya matanga, na mteja mmoja akitoka kabla mwingine hajaingia mimi huchora. Nachora kwenye simu, kwa ile kalamu ya kugusia kioo, katuni ninayoiweka mtandaoni kila Ijumaa mchana, na utamu wake (hapa najisifu, nivumilieni) ni kwamba msomaji hasomi tu akanyamaza, yeye ndiye anayeamua hadithi iende wapi. Mwisho wa kila sehemu naweka swali na majibu mawili, watu wanapiga kura mpaka Jumatano, na lililoshinda ndilo ninalolichora. Hadithi ya kwanza ilikuwa ya kiboko aliyeingia shambani usawa wa Kinakomba akaanza kula mpunga, nikauliza, je, mwenye shamba akimbie au azungumze naye? Watu wakachagua azungumze naye. Ikabidi nichore kurasa nane za mtu anabishana na kiboko juu ya mipaka ya shamba, na mpaka leo kuna wanaoniambia sijawahi kuchora kitu kizuri kama kile.

Sheria yangu ilikuwa moja tu, na nilikuwa naitangaza kama mtu aliyeshika kitabu mahakamani: wasomaji wakishaamua, mimi sibadilishi.

Sasa kipindi hicho nilikuwa na taabu ambayo wanawake wengine wangeiita neema. Nilikuwa na wanaume wawili, wote wameshasema wanataka kunioa, wote wanangoja jibu, na mimi nina miaka thelathini na miwili na jibu sina. Wa kwanza ni Komora, mwalimu wa shule ya msingi huko Hewani, mtu mpole, mwembamba, mwenye miwani, ambaye akikuandikia ujumbe anaweka nukta na mkato kama anasahihisha insha, na akikupigia simu ananyamaza mpaka unasikia kuku wanapita nyuma yake. Wa pili ni Kaingu, muuza mabati na saruji hapo hapo mjini, ana pikapu, ana kifua, na ana kicheko ambacho akikianzia dukani kwake mimi nakipokea dukani kwangu, na katikati kuna soko zima. Mama yangu alimtaka Kaingu (kwa sababu ya mabati, wala hakuficha). Shangazi yangu Hawaye, anayekaa Ndera, alimtaka Komora, kwa sababu mwalimu hafutwi kazi ovyo. Mimi je? Mimi nikimwona Kaingu namtaka Kaingu, nikisoma ujumbe wa Komora namtaka Komora, na nikiwa peke yangu nataka chai.

Basi Alhamisi moja nimekaa, hadithi ya wiki sina, joto la Garsen linanichemsha ubongo, nikapata wazo. Wazo lenyewe lilikuwa dogo, hata halikunitisha. Nikasema, hawa wasomaji wangu wananiamulia mambo ya kiboko kila siku, kwa nini wasiniamulie na hili? Nikamchora msichana nikamwita Buya, msusi, anapendwa na wanaume wawili. Mmoja nikamfanya daktari wa mifugo, mwenye miwani. Mwingine nikamfanya mwenye tingatinga, mwenye kifua, anayecheka KHA KHA KHA kwa herufi kubwa zinazotoka nje ya picha. Nikajiona nimewaficha vizuri sana. Nikamwandikia rafiki yangu Salome, ambaye ndiye mtu pekee niliyemwambia: atakayeshinda huko, ndiye nitakayemkubali huku, naapa. Salome akanijibu kwa neno moja, "Wazimu," nami nikalichukua kama baraka.

Sehemu ya kwanza ilikuwa sokoni. Buya anapita katikati ya watu, daktari upande huu, tingatinga upande ule, lakini pembe ya kushoto ikabaki wazi, tupu, inanikera. Nikainua macho, nikamwona nje Barisa, yule Muorma anayeleta maziwa kutoka malishoni, anafunga madumu yake nyuma ya pikipiki. Nikamchora hapo hapo kwa dakika mbili, ndevu zake za hina, kikoi chake cha kijani, fimbo yake, na kwa kuwa wakati ule alikuwa amegeuka kutazama kitu, nikamchora anatazama nje ya picha, moja kwa moja kwa msomaji. Pembe ikajaa. Nikafurahi. Nikaituma.

Komenti ya kwanza kabisa iliuliza, "Na huyu wa maziwa je?"

Ya pili: "Huyu wa maziwa ana macho ya mtu aliyepitia mambo."

Ya tatu, ya kijana fulani wa Hola: "Msee wa maziwa amebeba! Hao wengine wapelekwe nyumbani."

Kosa langu la pili (ndiyo, nayahesabu, yalikuwa mengi) ni kwamba pale kwenye kura nilikuwa nimeacha nafasi ya tatu iliyosema "Jibu lingine, andika." Nilikuwa nimeiacha tangu enzi za kiboko. Basi swali langu lilikuwa, Buya avuke mto kwa mtumbwi pamoja na daktari, au apande tingatinga? Nusu ya watu wakaandika: anunue maziwa. Na mimi na sheria yangu, ningefanya nini? Ikabidi Buya anunue maziwa. Nikamchora Barisa anampimia, anasema neno moja tu, "Karibu." Jamani, mtu akisoma komenti za wiki ile angedhani neno "karibu" limebuniwa siku hiyo. Wakaanzisha Timu Maziwa. Wakatengeneza picha za kuweka kwenye wasifu. Mwenye tingatinga alikuwa na hotuba ya kurasa mbili, hakuna aliyeisoma.

Ikaenda hivyo wiki nne, tano. Na huku nje, mambo yakaanza kutembea kwa miguu yake. Barisa mwenyewe hana simu ya kuonyesha picha, ana kile kisimu cha tochi, lakini Garsen si Nairobi, mtu akifanana na katuni hata siku tatu hazipiti. Wenye boda wakaanza kumwita "Bwana harusi!" Akauliza bwana harusi wa nani, wakamwonyesha. Siku ya pili akaja dukani kwangu kutoa nakala ya kitambulisho. Amevaa shati jipya. Hina ya ndevu imetiwa upya, inawaka. Akasimama mlangoni kiubavu, fimbo mkononi, kama nilivyomchora, akangoja nimwone.

"Karibu, mzee Barisa," nikasema, lile lile neno la kwenye katuni.

"Ile picha," akasema taratibu, "ni nzuri. Lakini pua umefanya kubwa."

Nikamwambia nitairekebisha. Akatikisa kichwa kama mtu mkubwa aliyesamehe, akachukua nakala yake akaondoka. Nilipaswa kumwambia pale pale kwamba ni mchezo tu, ni kujaza pembe. Sikumwambia. Nilimpunguza pua.

Kaingu naye akaja, tena kwa kishindo. Alikuwa ameitambua KHA KHA KHA yake, na badala ya kukasirika akafurahi kupita kiasi. "Hago, kumbe mimi niko kwenye hadithi! Sasa mbona nashindwa na mtu wa maziwa? Ngoja." Akawanunulia bando wafanyakazi wake wote, wapakuzi wa saruji kumi na kitu, akawaamuru wapige kura kila wiki. Komora naye alikuja Jumamosi na mitihani yake ya kuchapa kama kawaida, akasema jua ni kali, nikasema ndiyo, ni kali. Basi.

Wakati huo huo kikundi kimoja cha vijana kikaandaa maonyesho ya vipaji kwenye ukumbi wa mjini (kwa sheria za nchi mimi bado ni kijana, naomba msicheke) na wakaniomba nimalizie hadithi ya Buya pale pale, mubashara, kura zifungwe saa kumi jioni, matokeo yaonekane ukutani kwa projekta. Mtu mwenye akili angesema ana mafua. Mimi nikashonesha gauni.

Siku ikafika, ukumbi ukajaa mpaka madirishani. Mama yupo mbele, shangazi Hawaye amesafiri kutoka Ndera asubuhi, yupo kando yake na mkoba mapajani. Kaingu amekuja na wapakuzi wake, wamekaa mstari mmoja, vumbi la saruji bado kwenye nyusi. Komora nikamwona nyuma kabisa karibu na mlango, amesimama. Na safu ya tatu, Barisa, shati jipya, na pembeni yake mwanamke mmoja wa makamo aliyejifunga shuka vizuri, ametulia, mikono mapajani. Nikamtambua. Ni Mama Halima, ambaye mimi nanunua maziwa kwake sokoni kila asubuhi ya Mungu. Kwa muda wote ule, naapa, sikuwahi kuunganisha kwamba maziwa yanayoletwa na Barisa ndiyo yanayouzwa na Mama Halima, na kwamba kuna sababu maziwa yale yanatoka mkono ule yakaingia mkono huu.

Nikaunganisha simu kwa waya. Ukutani ikaonekana katuni, kubwa kama nyumba, watu wakapiga makofi. Nikauliza kwa maikrofoni, "Buya aolewe na nani?" Namba zikaanza kupanda. Daktari wa mifugo, kidogo. Mwenye tingatinga, amemzidi kidogo tu. Wa maziwa, anapanda tu, anapanda, vijana wa madirishani wanaimba "Ma-zi-wa! Ma-zi-wa!" na Barisa (Mungu amsamehe) akainua fimbo kidogo kuwaitikia.

Saa kumi ikagonga. Wa maziwa ameshinda. Kelele. Na katikati ya kelele zile, kule juu ukutani, juu ya uso wa Buya, ukashuka ujumbe wa Salome, ambaye alikuwa Malindi anafuatilia kwa simu, umeandikwa kwa herufi ambazo hata bibi asiye na miwani angezisoma:

"Hago wee! Si uliapa atakayeshinda ndiye utakayeolewa naye? Sasa Komora na Kaingu utawaambia nini? Ndiyo umeolewa na Muorma wa maziwa!"

Nilivuta waya. Nilivuta waya usio wenyewe, nikazima feni.

Ukumbi ulinyamaza, na ule ukimya ulikuwa na joto. Shangazi Hawaye akageuka taratibu kumtazama mama, mama akatazama dari. Kaingu akasimama. Nilidhani atatukana, lakini aliwageukia wapakuzi wake. "Nyinyi! Na bando langu! Mlimpigia nani?" Mmoja akajibu kwa sauti ya chini ambayo ukimya uliipeleka kila mahali, "Bosi, yule wa maziwa anaonekana mtu mzuri." Kaingu akatoka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akapita mlango bila kucheka.

Hapo ndipo Mama Halima akasimama. Barisa akamshika shuka, naye akaivuta shuka yake kwa utaratibu kutoka mkononi mwa mumewe kama mtu anayetoa mwiba.

"Mimi si nakuja kupigana," akasema. "Mimi nakaa soko, nauza maziwa. Wiki mbili watu nasema, Mama Halima, pole. Mimi nauliza, pole ya nini? Wanasema, bwana yako naoa yule msichana ya fotokopi. Mimi nauliza yeye nyumbani, yeye nasema, sijui, ni kura. Kura! Kama ile ya diwani!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mama Halima, samahani," nikasema, na maikrofoni bado mkononi, kwa hiyo samahani yangu ilifika mpaka barabarani. "Ni katuni tu. Simtaki mzee Barisa hata kidogo." (Barisa akainamisha kichwa. Nikaona nimemwumiza na yeye. Nikaongeza, "Ni mtu mzuri sana." Ikawa mbaya zaidi.)

"Basi wewe nataka nani?" akaniuliza.

Lilikuwa swali rahisi. Lilikuwa na majibu mawili, kama ya kwangu. Mmoja ameshatoka, mmoja yuko pale mlangoni amesimama, ameshika kofia, ananitazama. Nikafungua mdomo. Na unajua nilifanya nini? Niligeuka nikatazama ukutani. Kabisa, niligeuka kutazama kama kuna namba.

Ukumbi wote uliona. Kicheko kilichopigwa pale sijakisikia tena, kilianzia madirishani kikaja mbele mpaka mama yangu mzazi nikamwona anajifunika uso kwa leso, mabega yanaruka.

Mama Halima aliwangoja wamalize. "Mimi nachagua bwana yangu peke yangu," akasema, "na nakosea peke yangu, hakuna mtu nasaidia mimi. Wewe mtu moja nauliza dunia mzima?" Kisha akamwambia mumewe maneno mawili ya Kiorma, na mzee Barisa akasimama haraka kuliko nilivyowahi kumwona, akatangulia kutoka. Nilipotazama mlangoni, pale alipokuwa Komora, palikuwa na mwanga wa jua tu.

Jumapili nilikwenda kwa Mama Halima kuomba radhi vizuri, bila maikrofoni. Nilimkuta anakamua ng'ombe. Hakunikaribisha wala hakunifukuza, aliendelea na kazi, nami nikasema yote: kwamba nilijaza pembe, kwamba nilijua jambo limekuwa kubwa nikaona raha nikanyamaza. Mwisho akafuta mikono. "Wewe nachora yeye wiki sita," akasema. "Mimi mke wake, miaka kumi na tisa. Hata mkono yangu hukuchora." Nikagundua kumbe hasira yake nyingine ilikuwa hiyo. Ijumaa ile nikavunja sheria yangu, nikachora sehemu ya mwisho bila kura: mke wa mtu wa maziwa anaingia sokoni, kila mtu anampisha, anamchukua mumewe, wanakwenda zao. Timu Maziwa walinitukana siku tatu. Mama Halima aliomba nimchapie kwa rangi, na kwa nakala hiyo sikumtoza kitu, nilimpa kwa mikono miwili.

Lakini Komora. Komora alikuja Jumatatu ile baada ya ukumbi, na mitihani yake ndani ya bahasha, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilikuwa nimeshajua jibu, kwamba ni yeye. Nilikuwa nimelijua tangu nilipouona ule mlango mtupu. Nikaanza kujieleza, akaniacha nieleze, kisha akasema, "Mimi nilipiga kura, Hagodana. Kila wiki."

"Ulimpigia nani?"

"Mwenye tingatinga."

Nikamtazama.

"Yule daktari wa mifugo," akasema, na akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, "nilimsoma vizuri. Wiki sita, hakuna mahali aliposema neno la maana. Anasimama tu. Anasema jua ni kali. Nikasema, mchoraji angekuwa anampenda mtu huyu, angempa hata sentensi moja." Akavaa miwani. "Nakala arobaini, tafadhali. Pande zote mbili."

Nilizitoa. Mashine ilinguruma, sisi tumesimama, na mimi niliyekuwa na maneno ya kuwajaza watu vinywani kila Ijumaa sikupata hata moja. Nilitaka kusema nilimnyima maneno kwa sababu nilikuwa sijawahi kumwuliza, na sijamwuliza kwa sababu nilikuwa najishughulisha kuhesabu. Nilimpa nakala zake. Akashukuru, kwa nukta na mkato.

Basi ndugu zangu, bado nachora. Kiboko amerudi, safari hii anataka kugombea uenyekiti wa ushirika wa mpunga, na wasomaji wanaamua kila kitu, hata rangi ya tai yake. Ila la moyo wangu nimeapa, kiapo cha kweli safari hii, halitaingia tena kwenye kura, hata ya mtu mmoja, hata ya mama.

Mwezi uliopita Komora alikuja dukani na msichana mmoja mrembo, mwalimu mwenzake, mcheshi, anayemchekesha mpaka nikamwona meno ya nyuma ambayo sikuwahi kuyaona. Walitaka kadi za harusi. Nikawatolea mifano miwili, ya maua na isiyo na maua, wakaishika, wakaigeuza, wakashindwa, na msichana akaniuliza kwa nia njema kabisa, "Dada, wewe ungechagua ipi?"

Nikawaambia, chagueni wenyewe.